Malakiti au krisokola: lipi la pete, lipi la hereni?

Swali: Jambo papa. Mimi ni sonara, bado kijana, nafanya kazi ya fedha huku Katuba, Lubumbashi. Mjomba wangu amerudi kutoka Kolwezi na mawe ya aina mbili. La kwanza ni la kijani, zito, lenye michirizi. Hilo najua ni malakiti. La pili ni jepesi, rangi yake bluu inayoelekea kijani. Aliyemuuzia alisema ni feruzi, jirani yangu fundi anasema ni krisokola. Kuna pia kipande kimoja ambacho rangi zote mbili zimeshikana. Mteja wangu, mama mmoja mwalimu, anataka pete ya kuvaa kila siku na hereni za kufanana nayo. Niweke jiwe lipi, na hilo la bluu nitalijuaje?

Jibu: Ndugu yangu, malakiti ipeleke kwenye hereni bila wasiwasi. Kwenye pete ya kila siku usiiweke, hata mama mwalimu akikubembeleza. Kuhusu hilo la bluu siwezi kukuambia ndiyo wala hapana kabla hujalipima, kwa sababu sokoni kwetu jina krisokola linabeba mawe mawili yenye tabia tofauti kabisa. Moja ni gumu kuliko kisu chako na litamzika mwenye pete. Lingine ni laini kama chaki, linakunywa jasho na mafuta ya mikono, na rangi yake inakufa ndani ya msimu mmoja. Kwa macho unaweza kuyachanganya. Ndiyo maana mimi silianzi jiwe la bluu kwa kuuliza jina lake. Nauliza kwanza ugumu wake.

Malakiti na krisokola zote mbili zimetokana na mukuba (shaba) uleule. Chini sana ardhini shaba yetu imeshikana na salfa, katika madini meusi au ya manjano yasiyo na uzuri wowote wa kuvaa. Maji ya mvua na hewa vikishuka hadi huko, shaba inaachana na salfa, inayeyuka na kuanza kutembea katika nyufa za mwamba. Kinachotokea baadaye kinategemea inakutana na nani. Katanga ina tabaka kubwa za dolomiti, mwamba wenye kaboneti nyingi, na hapo ndipo malakiti inapozaliwa: ni kaboneti ya shaba yenye maji kidogo ndani ya muundo wake. Shaba hiyohiyo ikikutana na maji yaliyobeba silika, kitu kilekile kinachounda mchanga, inatoka krisokola. Katika ufa mmoja mambo haya mawili yanaweza kufuatana, leo kaboneti, baadaye silika, na hicho ndicho kipande chako chenye rangi mbili.

Malakiti safi ina shaba karibu asilimia 57 ya uzito wake. Krisokola ina takriban theluthi moja, na inapungua zaidi kadiri silika inavyoongezeka. Hiyo ndiyo sababu moja inakuelemea mkononi na nyingine haina uzito. Ndiyo sababu pia wazee wetu walioyeyusha shaba zamani, kabla Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba, haijaanzishwa mwaka 1906, walifuata malakiti. Waliijaza kwenye tanuru za udongo wa kichuguu pamoja na makaa, wakavukuta, na shaba ikashuka chini. Kutoka hapo zilimwagwa zile misalaba ya shaba ambazo zilitumika kama mali na mahari, na ambazo zimeonekana kwenye makaburi ya zamani ya Upemba. Hadi leo wakrezeri (wachimbaji wadogo) wengi wa Kolwezi wakiliona jiwe la kijani wanahesabu shaba iliyomo, wala hawaoni kito. Mwambie mjomba awaombe wasilipasue kwa nyundo. Jiwe zuri la michirizi likishavunjwavunjwa kuingia kwenye mfuko wa depo, pale wanaponunua madini, bei yake inabaki ya mukuba tu.

Sasa ugumu, kwa sababu hapo ndipo pete inapokufa au kupona. Kwenye kipimo cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, malakiti iko kati ya 3.5 na 4. Krisokola tupu iko chini zaidi, kati ya 2 na 4 kulingana na kipande, na mara nyingi ukucha mgumu tu unaacha alama juu yake. Kisu cha kawaida kina kama 5.5. Kwatsi, jiwe la silika tupu, ina 7. Weka namba hizo kichwani, halafu fikiria Lubumbashi mwezi wa nane, wakati mvua imesahaulika na vumbi jekundu linakaa juu ya kila kitu, hata ndani ya kabati. Ndani ya vumbi hilo mna chembe za kwatsi. Mama mwalimu akifuta meza ya darasani kwa kiganja, akiwa amevaa pete yako ya malakiti, anapitisha msasa wa namba 7 juu ya jiwe la namba 4. Baada ya wiki chache mng'aro umekwisha. Hajagonga popote, hajadondosha, ila jiwe limefifia, na atarudi kwako akisema ulimuuzia plastiki.

Hereni hazifuti meza. Kidani pia hakifuti, ingawa kinasuguana na vifungo vya nguo. Hapo malakiti inadumu miaka mingi, na uzuri wake hakuna jiwe jingine la kijani linalofanana nao. Ukipenda kujua wakubwa waliitumiaje, angalia kazi za Urusi za karne ya 19: ukumbi wa malakiti katika jumba la Hermitage mjini Saint Petersburg, na nguzo za kanisa kuu la Isaac katika mji huohuo. Ukiziona kwenye picha utadhani nguzo nzima ni jiwe. Sivyo. Ni vipande vyembamba, vya milimita chache, vilivyopangwa na kugundishwa juu ya kitu kigumu hadi michirizi ikapatana. Malakiti yao ilitoka milima ya Ural, na machimbo yale yalipochoka, Kongo ndiyo ikawa chimbuko kubwa la malakiti ya kung'arisha duniani. Mafundi wanaotengeneza visanduku vya malakiti hapa mjini wanafanya kazi ya ukoo uleule: vipande vyembamba, gundi, subira.

Turudi kwenye jiwe lako la bluu. Una mizani ya sonara, kwa hiyo una nusu ya maabara tayari. Pima jiwe likiwa kavu, uandike uzito. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, funga jiwe kwa uzi mwembamba na ulizamishe kwenye maji likiwa linaning'inia, lisiguse chini wala ukuta wa kikombe. Namba utakayoisoma ni uzito wa maji ambayo jiwe limeyasukuma. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Tuseme jiwe lina gramu 40. Kama ni malakiti, mizani itasoma karibu 10, na jibu litaangukia kati ya 3.6 na 4. Kama ni krisokola tupu itasoma kati ya 17 na 21, yaani jibu liko kwenye 1.9 hadi 2.4. Ikisoma kati ya 15 na 15.5, jibu lako ni karibu 2.6, na hapo moyo unaruhusiwa kudunda kidogo, kwa sababu huo ni uzito wa kalsidoni, aina ya kwatsi yenye chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho.

Kalsidoni iliyolowana krisokola ndani yake ndilo lile jiwe la pete ninalokuambia. Silika imejaa kila tundu, rangi ya shaba imenaswa ndani, na ugumu umepanda hadi 6.5 au 7. Wauzaji wa Marekani, hasa wa Arizona ambako limetoka kwenye migodi ya shaba, wanaliuza kama kito cha bei ya juu kuliko krisokola yoyote. Lishike mbele ya taa ya simu: pembeni kwenye sehemu nyembamba mwanga utapita, kama si wote basi nusu. Krisokola tupu kwa kawaida haipitishi kitu. Pitisha ncha ya kisu kwenye upande wa chini ambao hutautumia. Kisu kikiteleza na kuacha mstari wa kijivu wa chuma chake, umepata. Kikichimba na kutoa unga wa bluu hafifu, sahau pete.

Kipimo cha maji kina kasoro moja kwa krisokola tupu: jiwe linakunywa maji wakati unalipima. Soma haraka, au geuza kasoro hiyo iwe kipimo chenyewe. Dondosha tone moja la maji juu ya uso uliovunjika. Kwenye kalsidoni tone linakaa limevimba, unaweza kuliangalia mpaka uchoke. Kwenye krisokola laini linatandazwa, linazama, na pale lilipokuwa rangi inakolea ghafla. Wanajiolojia wa zamani walikuwa wakiligusisha ulimi, linang'ang'ania. Mimi sikushauri kulamba mawe ya Kolwezi, na sababu nitaieleza chini.

Na feruzi? Feruzi ni fosfeti ya shaba na alumini, ugumu wake 5 hadi 6, uzito 2.6 hadi 2.8. Mizani peke yake inaweza kuichanganya na kalsidoni, ila kipande cha kwatsi kinaikwaruza feruzi waziwazi. Aliyemuuzia mjomba amefanya kile wanachofanya wengi: jiwe la bluu likitafuta bei, linapewa jina la bei. Miamba yetu ya shaba inatoa krisokola kwa wingi, kwa hiyo mtu akikuletea feruzi kutoka Kolwezi, mpe kikombe cha maji na uzi kwanza, salamu baadaye.

Ukitaka kutenganisha kijani na bluu bila mizani, chukua ndimu. Kwangua unga kidogo wa kila jiwe kwenye sahani nyeupe, ukamulie matone ya ndimu, uangalie kwa makini ukiwa umeinama. Unga wa malakiti utatoa viputo vidogo, maana asidi inaifukuza hewa ya ukaa iliyomo kwenye kaboneti. Unga wa krisokola utakaa kimya, isipokuwa kama umechanganyika na malakiti au dolomiti. Kipimo hiki kinakufundisha na jambo la pili, ambalo ni zito zaidi kwa sonara: kitu kinachochemka kwenye ndimu hakiwezi kuingia kwenye ile asidi yako ya kusafishia fedha baada ya kulehemu. Hata dakika moja. Jiwe litatoka likiwa limechakaa uso, na hakuna kitambaa kitakachorudisha ule mng'aro. Itabidi ulisugue upya tangu mwanzo. Amonia nayo ni adui, inayeyusha shaba ya malakiti na kugeuka bluu. Wale mama wanaosafisha vidani kwa dawa ya kusafishia vioo, waonye mapema.

Moto ni mbaya kuliko asidi. Malakiti ikipata joto inapoteza maji na hewa yake ya ukaa, inabaki oksidi ya shaba, nyeusi tii. Jambo hilo linatokea mapema sana, kabla lehemu ya fedha haijafikiria kuyeyuka. Kwa hiyo kazi yote ya moto iishe, fedha isafishwe, ing'arishwe, ndipo jiwe liingie mwisho. Mteja akirudisha hereni iliyokatika kitanzi, toa jiwe kwanza hata kama ni usumbufu. Krisokola laini nayo ina maji mengi ndani yake. Ukiipasha inapasuka au inapauka. Hata ile iliyojaa silika usiijaribu. Inaweza kupauka ikikauka kupita kiasi, na wakati mwingine ikilowekwa majini rangi inarudi, jambo ambalo wauzaji wasio waaminifu wanalijua vizuri: wanakuuzia jiwe likiwa limetoka kwenye ndoo. Ukinunua bluu, liache rafuni siku kadhaa kabla ya kulikata.

Kwenye kukata, malakiti ndiyo yenye starehe. Inakua kwa mabonge ya mviringo, tabaka juu ya tabaka, na wewe ndiye unayeamua mteja ataona nini. Ukikata bonge kutoka juu kwenda chini, sambamba na jinsi lilivyokua, unapata michirizi mirefu iliyopinda. Ukikata kwa kulalia, ukiondoa vichwa vya mabonge, unapata macho: duara ndani ya duara. Kwa hereni mimi ningetafuta macho mawili yanayotoka kwenye bonge moja, kipande cha juu na kile kinachofuata chini yake, kwa sababu yatafanana bila kuwa sawasawa, na mtu mwenye jicho atajua ni jiwe la kweli. Lowesha uso uliokatwa, ulipeleke dirishani, uchore umbo kwa penseli kabla hujaligusa tena. Haraka hapa inagharimu jiwe zima.

Kata kwa msumeno wa almasi wenye maji. Gundisha kwenye kijiti kwa gundi baridi, usitumie nta ya moto. Panda msasa polepole, 220, 600, 1200, 3000, kwa mkono mwepesi, maana malakiti ni laini na ukikandamiza nyuzi zake zinang'oka na kuacha mashimo. Mng'aro wa mwisho unatoka kwenye ngozi yenye oksidi ya kromi au ya alumini, ikiwa na unyevu kidogo. Usiache pembe kali, zitamegeka. Na usitumie vikucha vinne kama vya zumaridi. Zungusha ukingo mwembamba wa fedha jiwe lote, ulikumbatie, ili kishindo kipokewe na fedha.

Kalsidoni ya bluu haina masharti hayo. Inahitaji muda tu, na almasi zaidi. Kwa mawe ya kwetu mara nyingi utakuta ngozi ya chembe za kwatsi zinazometameta juu ya bluu. Usiisage! Kata mgongo tu, uiache ngozi ile kama ilivyo, ni kidani tayari.

Halafu vumbi. Unga wa malakiti ni shaba unayoivuta kifuani, na unga wa kalsidoni ni silika, ile inayoharibu mapafu ya wachimbaji bila kurudi nyuma. Wengi wanaogopa kijani na kudharau bluu. Kwa mapafu, bluu ngumu ndiyo inayonitia hofu zaidi. Maji kwenye msumeno na kwenye msasa, kila wakati, na barakoa inayobana, sio kitambaa. Tope usiliache likauke sakafuni watoto wakipita. Jiwe lililokwisha kung'arishwa halina madhara kwenye ngozi. Ila mteja akikuambia anataka kulitumbukiza kwenye maji ya kunywa kwa ajili ya baraka au afya, mkataze, tena kwa sauti.

Sasa ile sababu ya kutolamba. Baadhi ya machimbo ya shaba na kobalti ya Katanga yana urani, madini yenye mionzi ya hatari, ndani yake. Shinkolobwe, mgodi wa urani, kila mtu anaijua, lakini hata Musonoi pale Kolwezi imetoa madini ya urani, na mengine ni ya kijani na yanapendeza. Ukiona juu ya jiwe lako magamba ya kijani kibichi yanayong'aa na kubanduka kama karatasi, au sindano nyembamba za kijani-manjano, au ukoko wa manjano ya limau, usilikate wala usiliweke chumbani. Lifunge, lipeleke kwa wanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wakalipime. Malakiti ya michirizi na krisokola safi hazina tatizo hilo. Ni kile kinachozipanda ndicho cha kuangalia. Rangi nyeusi isiyong'aa iliyo kati ya kijani na bluu isikutishe, mara nyingi ni heterojeniti, ile ya kobalti. Ila ni dhaifu, inaweza kuachia wakati wa kusugua.

Umejua malakiti yako ni ya kweli kwa sababu imetoka mkononi mwa mjomba. Siku utakayonunua shanga zilizokwisha tengenezwa, angalia michirizi. Ya plastiki ina rangi mbili au tatu tu, mipaka imekatwa kwa wembe, unene uleule kuanzia mwanzo hadi mwisho, na nyeusi imezidi. Ya kweli ina vivuli vya kijani usivyoweza kuvihesabu, mstari unanenepa na kukonda, na ukiigeuza kwenye mwanga baadhi ya sehemu zina hariri. Ya kweli ni baridi shavuni na nzito. Kwa krisokola udanganyifu ni mwingine: jiwe ni la kweli ila limenyweshwa gundi (resini) ili likazane. Mimi siuiti wizi, ni tiba inayokubalika duniani kote, na bila hiyo krisokola laini haivaliki kabisa. Wizi ni kunyamaza. Sindano ya moto sehemu ya nyuma itakuletea harufu ya plastiki. Kwenye risiti andika “krisokola iliyotiwa resini”, na uuze kwa bei hiyo.

Kuhusu karatasi nitakuwa mfupi. Pete moja aliyovaa mteja haimsumbui mtu, lakini mjomba akianza kubeba mawe ghafi kwa mifuko, au ukipata mnunuzi wa nje, pita CEEC kwanza, ndiyo idara inayopima vito na kuvitolea cheti kabla havijatoka nchini. Na mjomba anunue kwa mkrezeri mwenye kadi yake, anayefanya kazi mahali palipotengwa kwa uchimbaji mdogo kama sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inavyotaka. Jiwe lililotoka usiku ndani ya uzio wa kampuni lina gharama ambayo haipo kwenye mizani yako.

Kwa hiyo mama mwalimu umpangie hivi. Kama bluu imepita kisu na taa, pete iwe ya bluu na hereni ziwe za malakiti. Anataka zifanane? Mwonyeshe kipande cha tatu, kile cha rangi mbili, umwambie kidani kinaweza kutoka humo, na kidani hicho ndicho kitakachounganisha pete na hereni. Waisraeli wana jiwe la namna hiyo, mchanganyiko wa krisokola, malakiti na azuriti kutoka eneo la Eilat na Timna, nao wanalitukuza kama jiwe la taifa. Kama bluu imefeli, usimlazimishie. Pete mfanyie ya fedha tupu, au ya malakiti akikubali kuivaa Jumapili tu na kuivua kabla ya kunawa.

Kipande hicho cha rangi mbili ukikikata, kumbuka pande zake hazina ugumu mmoja: msasa utakula upande laini na kuacha ukuta mdogo mpakani. Anza kwa kupitisha ncha ya sindano kwenye mstari ambapo kijani na bluu vinakutana. Ikinasa, kuna ufa. Kaushia jiwe kivulini siku mbili tatu, upake gundi ya epoksi nyepesi ishuke yenyewe ndani ya ufa, uache ikaze usiku kucha, ndipo uwashe msumeno. Na elekeza mkato upande bluu iliponenepa zaidi, kijani iwe mpaka wake, maana kijani unayo ya kutosha kwenye hereni.